Mwanafunzi wa Carolus-Duran

Mazungumzo yetu jioni hii ni ya mchoraji na mwalimu wake. Mchoraji ni John Singer Sargent, Mmarekani aliyefika mahali ambapo wenye fedha wa London na Boston walikuwa wakisubiri zamu ili awachore sura zao. Mwalimu ni Carolus-Duran, Mfaransa, ambaye siku hizi hutajwa zaidi kwa sababu alimfundisha Sargent. Naona hapo mzee huyu amepunjwa. Ukiifuatilia ile miaka kumi ya mwanzo ya Sargent, kuanzia 1874 hadi 1884, unaukuta mkono wa mwalimu kila upande, hata kwenye picha ambazo mwalimu mwenyewe asingethubutu kuzichora.

Tuanze na kijana. Wazazi wake walitoka Philadelphia. Baba, FitzWilliam Sargent, alikuwa daktari wa upasuaji. Mama, Mary, alipenda muziki na kuchora kwa rangi za maji. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mdogo wa miaka miwili, na mama akadhoofika kwa majonzi. Mwaka 1854 wakavuka bahari kwenda Ulaya ili apate nafuu, na hawakurudi tena kuweka makazi kwao. Wakawa watu wa kuhamahama: baridi ikiingia wako Nice au Roma, joto likizidi wako milimani Uswisi. John alizaliwa Florence, Italia, tarehe 12 Januari 1856. Shule zake zilikuwa za kukatikakatika, lakini alikua akisema Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani, na piano aliipiga vizuri. Mama yake alikuwa na sharti moja: aanze michoro mingapi kwa siku, shauri yake, ila mmoja lazima aumalize. Baba alikuwa na ndoto nyingine, kwamba mwanawe awe ofisa katika jeshi la wanamaji la Marekani. Alipoona kijana hana mawazo mengine ila kuchora, akaiacha ndoto hiyo, na akamsindikiza mwenyewe hadi Paris kumtafutia mwalimu.

Ilikuwa Mei 1874. Sargent alikuwa na miaka 18, mrefu, mwembamba, mwenye haya. Will Low, Mmarekani aliyekuwa akisoma hapo hapo, ameacha maelezo ya siku hiyo: kijana aliingia studioni na furushi kubwa la turubai na karatasi, akalikunjua, na mbele ya mwalimu na wanafunzi zikatandazwa picha za rangi za mafuta, za rangi za maji na za penseli, za milima, za sanamu za makumbusho, za watu. Wanafunzi walishangaa. Mwalimu alimpokea, akamwambia pia kwamba yapo mengi aliyojifunza ambayo itabidi ayasahau. Naipenda sana sehemu hiyo ya pili. Kumsifu mtoto mwenye kipaji ni rahisi. Kumwambia siku ya kwanza, mbele ya wenzake, kwamba kipaji kimeshaanza kuzoea njia isiyofaa, kunataka mtu anayeijua kazi yake.

Na huyu aliijua. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Charles Durand, mzaliwa wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1837. Alipofika Paris akaona jina hilo wanalo wengi mno, akajiita Carolus-Duran. Mwaka 1866 picha yake moja kubwa ilinunuliwa na mji wake wa Lille, naye akaondoka kwenda Hispania. Huko akazikuta kazi za Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme Philip wa Nne wa karne ya 17, na maisha yake yakabadilika. Mwaka 1869 akamchora mkewe, Pauline Croizette, amesimama kwa gauni jeusi, anavua glavu ya mkono mmoja, na ile ya pili imeanguka sakafuni. Picha hiyo, ambayo leo iko katika jumba la Orsay mjini Paris, ndiyo iliyomfanya atafutwe na mabibi wote wa jiji. Alikuwa mtu wa madaha: mavazi ya mahameli, ndevu zilizotunzwa, upanga wa michezo, gitaa. Wapo waliomwona mtu wa kujionyesha. Lakini mchoraji Manet alikuwa rafiki yake, na Manet hakuwa mtu wa kufungamana na wapuuzi.

Darasa lake lilikuwa mtaa wa Montparnasse, na wengi wa wanafunzi walikuwa Wamarekani na Waingereza. Walichangiana kodi ya chumba na ujira wa mtu wa kukaa achorwe. Mwalimu hakuwatoza chochote. Alifika mara mbili kwa juma, akapita turubai baada ya turubai, akasema lake kwa kila mmoja, mara nyingine akaichukua brashi na kuonyesha, kisha akaenda zake kwenye kazi zake za fedha. Tukumbuke kwamba huyu alikuwa mmoja wa wachoraji ghali kabisa wa Paris wakati ule, na asubuhi hizo mbili alizitoa bure.

Sasa alifundisha nini? Hapa inabidi twende taratibu, maana redioni sina picha ya kukuonyesha.

Katika chuo cha serikali, École des Beaux-Arts, desturi ilikuwa mwanafunzi achore kwa penseli na mkaa muda mrefu sana, sanamu za plasta kwanza, kisha watu walio hai, kabla hajakabidhiwa rangi. Na hata akikabidhiwa, picha ilijengwa kwa hatua: mistari kwanza, kisha rangi ya kahawia ya chini, kisha rangi nyembamba juu ya rangi, mpaka uso ukawa laini kama kauri. Carolus-Duran aliyaruka hayo yote. Kwake, kuchora na kupaka rangi ni kazi moja na hufanyika kwa brashi.

Mwanafunzi alianza kwa alama chache za mkaa: kichwa kinaanzia wapi, kidevu kinaishia wapi, bega limelala kiasi gani. Mkaa ukawekwa chini. Baada ya hapo alitakiwa atafute ile rangi ya kati, ambayo haiko kwenye mwanga wala kwenye giza, kwa sababu sehemu kubwa ya uso wa mtu imo humo. Uso aliugawa katika mabapa makubwa: paji la uso, shavu la upande wa dirisha, shavu la upande wa kivuli, ubavu wa pua, kidevu. Kila bapa lina rangi yake na kiwango chake cha mwanga. Alichanganya rangi ya bapa moja kwenye kibao chake, akamtazama anayechorwa, akarudi kuitazama rangi, na alipoona zimelingana akaiweka mahali pake kwa brashi pana, akaiacha. Bapa likafuata bapa, kama fundi anayepanga vigae vya rangi ukutani. Ilikuwa mwiko kusugua mpaka kati ya mabapa mawili ili kuulainisha. Mpaka ukionekana mkali mno, basi changanya rangi ya tatu inayokaa katikati ya zile mbili, uiweke hapo. Weusi mkali wa mboni na mng'ao wa ncha ya pua vingoje mwisho kabisa.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni njia ya mkato. La hasha. Njia hii haina mahali pa kujificha. Anayechora kwa matabaka akikosea leo atafunika kesho. Huyu akikosea kiwango cha mwanga wa shavu, kosa limekaa juu, kila mtu analiona, na dawa yake ni kisu: kwangua, anza tena. Jicho lazima liamue kabla mkono haujasogea. Ndiyo maana mwalimu aliwarudishia jina moja kila mara, Velázquez, na tena Velázquez, waende wakamsome bila kuchoka.

Hapa ndipo ninapomwona Carolus-Duran mwalimu mkubwa kweli. Alikuwa mtu wa kujipenda, sifa alizitaka, mtaani alijulikana kwa mavazi yake kabla hata hajafungua mdomo. Lakini darasani hakuwaambia vijana watazame picha zake. Aliwaelekeza kwa mtu aliyekufa mwaka 1660, aliyemzidi yeye mbali, na akawapa jicho la kumtazamia. Alijua kwamba mwanafunzi atakayefika huko atamwacha nyuma mwalimu wake, na bado aliwatuma.

Sargent kwa upande wake hakubweteka. Vuli ile ile ya 1874 alifanya mtihani wa kuingia Beaux-Arts na akafaulu mara ya kwanza, jambo ambalo lilikuwa nadra kwa mgeni. Akawa na vituo viwili: kwa Carolus-Duran akijifunza brashi, na chuoni akikaza mikono kwa penseli, anatomia na mtazamo wa umbali. Jioni alikwenda pia kuchora kwa mchoraji Léon Bonnat. Mimi naamini mseto huu ndio uliomtenga na wenzake. Njia ya Carolus-Duran inampa mtu uhuru mkubwa, lakini uhuru wa kuweka bapa la rangi kwa mguso mmoja una maana kwa yule tu ambaye tayari anajua mfupa uko wapi chini ya ngozi. Asiyejua ataweka rangi nzuri mahali pasipo pake. Mwalimu alilipuuza suala la mistari kwa sababu yeye alishalimaliza ujanani mwake kule Lille. Kijana akaliona pengo hilo mapema, akalijaza kwingine, bila kumvunjia mwalimu wake heshima.

Matunda yakaanza kuonekana. Kila mwaka mjini Paris yalifanyika maonyesho makubwa yaliyoitwa Salon, yenye picha maelfu zilizopangwa ukutani kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Baraza la waamuzi lilichagua kipi kiingie na kipi kirudishwe kwa mwenyewe. Mchoraji asiyepita Salon alikuwa kama hayupo. Mwaka 1877 Sargent, akiwa na miaka 21, alipitisha picha ya rafiki yake wa utotoni, Fanny Watts. Na katalogi ya Salon ilikuwa na desturi nzuri: chini ya jina la mchoraji iliandikwa alikozaliwa na alisoma kwa nani. Ya kwake ilisema ni mwanafunzi wa Carolus-Duran. Kabla mtazamaji hajaitazama kazi ya kijana, alikuwa ameshasoma jina la mwalimu.

Mwaka huo huo mwalimu alikuwa na kazi kubwa ya serikali, dari ya jumba la Luxembourg, yenye sifa za malkia Marie de Médicis. Akawaita Sargent na mwenzake Carroll Beckwith wamsaidie. Huko juu, katikati ya umati wa watu wa kale waliochorwa darini, mwalimu alimchora Sargent, naye Sargent akamchora mwalimu. Mwalimu akaridhika na sura yake, akakubali kukaa achorwe picha kamili.

Picha hiyo ilikamilika mwaka 1879, na leo iko katika jumba la sanaa la Clark, mjini Williamstown, Massachusetts. Wewe mwenye simu yenye intaneti, itafute baadaye. Carolus-Duran amekaa, kifua kimeinamia mbele kidogo, kama mtu aliyekuwa akisikiliza na sasa anataka kujibu. Nyuma yake hakuna pazia wala nguzo, ni rangi ya udongo tu. Koti lake ni la kahawia inayoelekea njano. Pindo za shati jeupe zimechomoza mikononi zikiwa zimekunjamana, mkono mmoja umeshika fimbo nyembamba. Kwenye ukosi upo utepe mdogo mwekundu wa nishani ya Légion d'honneur, mguso mmoja wa brashi, basi.

Tazama hizo pindo za shati kwa karibu. Ukisogea utaona rangi nyeupe na ya kijivu zilizowekwa kwa haraka, hazifanani na kitambaa chochote. Ukirudi nyuma hatua chache, kitambaa kinajikunja, kina uzito, unajua kimepigwa wanga. Hilo ndilo somo la Montparnasse, na limeandikwa juu ya mwili wa aliyelifundisha. Sasa utazame uso. Kijana wa miaka 23 amemwona mwalimu wake mzima: akili iliyo macho, ukarimu, na pia ile tabia ya kujipenda, ndevu zilizopindwa kwa makini, namna anavyojua kwamba anatazamwa. Hakumpaka mafuta wala hakumkejeli. Juu ya picha akaandika kwa Kifaransa kwamba ni kwa mwalimu wake mpendwa, kutoka kwa mwanafunzi wake mwenye mapenzi.

Hii ilikuwa hatari. Kumchora mwalimu wako kwa njia ya mwalimu wako, ukaipeleka Salon ambako kila mtu anamjua, ni kuomba upimwe naye uso kwa uso. Picha ilipata cheti cha kutajwa kwa heshima, watu wakajazana mbele yake, na oda zikaanza kuja. Mmoja wa waliovutiwa nayo ni Édouard Pailleron, mwandishi wa tamthilia, ambaye aliagiza picha yake, kisha ya mkewe, kisha ya watoto wake. Biashara ya Sargent ikafunguka kupitia sura ya Carolus-Duran.

Na akiwa na sifa hizo mpya, alifanya nini? Hakukaa Paris kuzila. Mwishoni mwa 1879 alishika njia ya mwalimu wake, akaenda Hispania. Katika jumba la Prado, Madrid, akainakili kazi ya Velázquez iitwayo Las Meninas, na nyingine kadhaa. Akavuka mpaka Tangier, Moroko, na mwaka 1880 akaenda Haarlem, Uholanzi, kumnakili mchoraji Frans Hals. Mtu ambaye tayari analipwa kwa picha zake alirudi kuwa mwanafunzi wa makumbusho, kwa sababu mwalimu alikwisha mwambia ni nani wa kumfuata.

Miaka michache iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1882 alipeleka Salon picha ya Charlotte Louise Burckhardt, gauni jeusi, waridi jeupe mkononi, amesimama dhidi ya ukuta mtupu. Aliyeijua ile picha ya mwanamke na glavu aliitambua asili yake mara moja. Lakini mwaka huo huo alichora kitu ambacho Carolus-Duran hakuwa nacho: mabinti wanne wa Edward Darley Boit katika nyumba yao ya Paris, kwenye turubai yenye zaidi ya mita mbili kila upande. Mtoto mmoja amekaa zuliani na mwanasesere wake, mwingine amesimama peke yake kushoto, na wawili wakubwa wamerudi nyuma, kwenye mlango wa chumba chenye giza, kando ya majagi makubwa ya Kijapani, mmoja akiwa hata uso hauonyeshi vizuri. Picha ni ya sura za watoto, na mchoraji ameacha sura moja imezwe na kivuli. Pale Sargent ameshafika kwa Velázquez mwenyewe, kwenye vile vyumba virefu vya mfalme, na mwalimu wa Paris amebaki mlangoni.

Habari ya 1884 wengi mnaijua: picha ya Virginie Gautreau, ile inayoitwa Madame X, mkanda wa gauni umeteleza begani, Paris ikakasirika, mama wa mwanamke akataka picha iondolewe, Sargent akakataa. Miaka miwili baadaye alikuwa amehamia London. Sitaki kuirefusha, imesimuliwa sana.

Nataka kuwataja wenzake wa darasa, kwa sababu mwalimu hapimwi kwa mwanafunzi mmoja. Beckwith alirudi New York akawa mwalimu, akawafundisha vijana wengi. Theodore Robinson alimfuata mchoraji Monet kijijini Giverny na akawa katika Wamarekani wa mwanzo kuchora kwa njia ya Monet. Robert Stevenson, binamu wa mwandishi Robert Louis Stevenson, hakung'ara kwenye turubai. Akaiacha brashi akashika kalamu, na mwaka 1895 akatoa kitabu kuhusu Velázquez. Mengi tunayoyajua leo juu ya yale mabapa ya rangi na ile rangi ya kati tunayajua kupitia kwake. Mwanafunzi ambaye hakufanikiwa kuwa mchoraji ndiye aliyemhifadhia mwalimu somo lake.

Sargent mwenyewe alibaki nalo hadi utu uzima. Mwaka 1904, akiwa Venice, alimchora Helen Vincent, mwanamke wa Kiingereza aliyekuja kujulikana kama Lady D'Abernon. Alimvalisha gauni jeupe. Wakafanya kazi wiki tatu, na kwa macho ya mwenye picha ilikuwa imekaribia kwisha. Siku moja Sargent akaitazama, akasema haiwezekani, akashika kisu, akakwangua kila kitu. Kisha akamwomba avae gauni jeusi, akaanza upya na alama chache, akatafuta rangi ya kati, akaweka bapa kwa bapa. Ilimchukua vikao vitatu kuimaliza. Ndiyo picha iliyopo hadi leo, katika jumba la sanaa la Birmingham, jimbo la Alabama.